Aliyefunga Koki

Ndoo ilikuwa pale pale ilipoachwa tangu Jumamosi, chini ya tangi la samaki, na Inspekta alikuwa ameichuchumalia kwa muda mrefu hata Koplo akaanza kukohoa bila kikohozi.

"Afande, hiyo ni ndoo tu."

"Ndoo yenye mistari," Inspekta alisema.

Kweli ilikuwa na mistari. Mwenye nyumba, mpimaji ardhi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Vipimo, alikuwa ameichora mwenyewe kwa wino mweusi: lita moja, mbili, tatu, hadi kumi, na katikati vijistari vyembamba vya robo. Maji yalikuwa yamegota kwenye mstari wa nne, barabara. Kutoka ndani ya tangi ulishuka mpira mwembamba hadi mdomoni mwa ndoo, na karibu na ncha yake palikuwa na koki ndogo ya plastiki. Koki ilikuwa imefungwa.

Vipimo mwenyewe alikuwa hospitalini siku ya tatu sasa, hajafumbua macho. Mkewe aliporudi nyumbani Jumamosi saa nane mchana alimkuta nyuma ya nyumba, chini ya ngazi nne za saruji za kuteremkia stoo, kisogo kimepasuka na nyonga imevunjika. Daktari alisema kaanguka. Kama kaanguka mwenyewe au kaangushwa, daktari alisema hilo si la hospitali, ni la polisi.

Polisi wa kwanza kufika alikuwa Koplo, na taarifa yake ilikuwa fupi. Asubuhi ile mzee aliletewa mnyama mpya wa tangi. Akamshughulikia mpaka akamaliza, kwa sababu mnyama alikutwa ndani ya tangi na ndoo iko kando. Kazi ya namna hiyo, kwa maelezo ya mkewe, humchukua mpaka saa sita. Basi mzee alianguka kati ya saa sita na saa nane. Koplo alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi hiyo.

Inspekta aliinuka na kutazama ndani ya kioo. Tangi lilikuwa na urefu wa kitanda. Ndani yake palikuwa na mawe yaliyoota matumbawe ya kila rangi, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe wakizunguka kama walinzi wa benki. Katikati ya mawe, kwenye ufa, kilikaa kitu ambacho mtu angeapa ni ua: shina nene la waridi na vidole vya kijani zaidi ya mia, kila kimoja kikipepea kivyake.

"Huyu ndiye aliyeletwa?"

"Ndiye huyo," alijibu mke wa Vipimo kutoka mlangoni, kitambaa kimekunjwa kiganjani. "Anemoni. Usimwone hivyo, ni mnyama kamili, ana mdomo na anakula. Siku ya kumpokea, mzee alivaa shati la pasi. Siku alipokuja kwetu kuniposa alikuja na fulana."

Alisema hivyo bila kucheka, kisha akaongeza haraka, "Mwulizeni yule muuzaji. Alhamisi walirushiana maneno kwenye simu mpaka nikatoka chumbani."

"Tutamwuliza, Mama."

Juu ya kigoda, kando ya ndoo, palikuwa na daftari limefunguliwa na miwani juu yake. Inspekta aliisogeza miwani kwa ncha ya kalamu. Ukurasa ulikuwa na tarehe ya Jumamosi na mistari mitatu ya mwandiko uliosimama wima kama askari gwaride.

Saa 4:05. Naanza. Maji ya mfuko lita 1. Matone manne kwa sekunde. Joto 25.5.
Saa 4:15. Yuko sawa.
Saa 4:25. Amefungua mdomo kidogo, akafunga. Sawa.

Chini yake palikuwa peupe. Inspekta alifunua kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine, hata Koplo akaja kusimama begani mwake.

"Unatafuta nini, afande?"

"Soma hapa. Mwezi wa tatu aliletewa konokono. Konokono, Koplo. Ameandikiwa mistari kumi na mitatu, kila baada ya dakika kumi. Huyu wa kuvaliwa shati la pasi ana mistari mitatu."

"Labda alichoka kuandika."

"Labda," Inspekta alisema, na akalitia daftari kwenye mfuko wa ushahidi.

*

Jirani wa upande wa nyuma alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilitazamana na ukuta wa uani kwa kina Vipimo, na mguu wake haukuacha kukanyaga kwa sababu ya polisi.

"Nilishamwambia huyu kijana," alisema, akimwonyesha Koplo kwa kidevu. "Nilisikia kishindo, pu! Halafu kitu kikabingirika. Hakuandika."

"Niliandika," Koplo alijitetea. "Ila saa uliyonitajia haikuwezekana."

"Saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Saa nne na nusu."

"Una hakika gani? Hapa sioni saa ukutani."

Mshonaji aliacha kukanyaga. "Mwanangu, kuna bibi harusi mmoja aliniambia atakuja kujaribu gauni saa nne na nusu kamili. Nilikuwa sijamaliza zipu. Tangu saa nne nilikuwa natazama saa ya simu kama mtu anayesubiri hukumu. Kishindo kile na hodi yake vilikuja pamoja. Nikadhani ni yeye amegonga mlango kwa kiatu."

"Baadaye ulisikia chochote kingine? Watu kugombana, mtu kukimbia?"

"Hapana. Nilisikia maji ya lile tangi lao tu, yanavyonguruma siku zote."

Walipotoka, Koplo alisimama mlangoni mwa gari. "Kama ni saa nne na nusu," alisema, "basi nani alimaliza kazi ya yule mnyama?"

"Ndiyo maana tunakwenda dukani," Inspekta alisema.

*

Muuzaji wa wanyama wa matangi aliitwa Chumvi. Wengine walisema ni kwa sababu anauza chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, wengine kwa sababu anaitia kwenye kila habari. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye mwanga wa buluu na sauti ya mapovu, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji.

"Alhamisi mligombana," Koplo alianza, bila salamu ya pili.

"Tuligombana, ndiyo. Nilikuwa nimemwambia ataletewa Ijumaa, nikasogeza hadi Jumamosi. Mzee yule ukimsogezea tarehe ni kama umemsogezea mpaka wa kiwanja. Akanipa maneno, nikayameza, Jumamosi saa tatu na nusu nikawa mlangoni kwake na mfuko. Akanishukuru kama si yeye."

"Kisha?"

"Kisha akanifukuza. Hataki mtu amtazame akifanya kazi."

Koplo alivuta pumzi kuuliza juu ya saa sita, lakini Inspekta alimtangulia. "Nifundishe hiyo kazi. Tangu mfuko unapoingia nyumbani."

Chumvi alimtazama kuhakikisha hataniwi, kisha uso ukamfunguka.

"Kwanza unauacha mfuko uelee juu ya maji ya tangi bila kuufungua. Robo saa, dakika ishirini, mpaka joto la ndani na la nje lilingane. Halafu unammimina mnyama na maji yake kwenye ndoo. Sasa, maji ya mfuko na maji ya tangi hayafanani chumvi. Samaki ana magamba, anaweza kustahimili. Anemoni hana hata ngozi ya kusema ni ngozi. Yeye ni maji yaliyovaa maji. Ukimtumbukiza ghafla anajikunja, anaoza, na akioza anaua kila kilichomo ndani. Kwa hiyo unateremsha maji ya tangi kwenye ndoo kwa matone. Pole pole. Mpaka lita moja iwe nne."

"Ziwe nne hasa?"

"Vipimo ni nne. Wengine tatu, wengine wanakisia. Yeye nne."

"Zikifika nne?"

"Unafunga koki. Unapunguza taa. Unapunguza taa. Mdomo wa pampu unaufunga sponji, maana huyu hutembea, na akinyonywa na pampu huna tena anemoni, una supu. Unamshika kwa mkono laini, unamweka penye ufa, unakaa naye mpaka mguu wake ushike jiwe. Ukiondoka kabla hajashika umefanya kazi bure."

Inspekta alikuwa ameandika yote. "Ni wangapi mjini wanaoijua kazi hii kama ulivyoieleza?"

"Mimi. Vipimo. Na..." Chumvi aligeukia tangi moja na kuanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. "Na wawili watatu hivi. Siwajui majina."

"Saa nne na nusu Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno. Ana tangi kwenye chumba cha kusubiria. Nilikuwa nimeingiza mkono mpaka bega, watu sita wananikodolea macho. Kawaulizeni."

Koplo alikwenda kuwauliza. Alirudi baada ya dakika arobaini, na uso wake ulieleza kabla ya mdomo. Daktari wa meno, msaidizi wake na mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba walisema kitu kimoja.

"Huyu tumempoteza," alisema.

"Hatukuwahi kuwa naye," Inspekta alijibu. "Lakini lipo jina alilolimeza."

*

Mchana ule ule walirudi kwa kina Vipimo. Inspekta aliomba jagi la kupimia la jikoni, akaomba na ruhusa ya kuchota maji ya tangi. Aliuweka mpira juu ya jagi na kufungua koki kidogo kidogo, huku Koplo akihesabu matone kwa saa yake ya mkononi, mpaka yakawa manne kwa sekunde kama daftari lilivyosema. Wakakaa. Mke wa Vipimo aliwatazama kutoka kochini kama mtu anayetazama wageni wakipika jikoni kwake.

Baada ya dakika kumi maji yalifika kwenye mstari wa robo lita.

"Robo kwa dakika kumi," Koplo alisema, akihesabu kwa vidole. "Lita moja kwa dakika arobaini. Ndoo ilianza na lita moja ikaishia na nne, kwa hiyo lita tatu. Dakika mia na ishirini." Akakunja vidole vyote. "Saa mbili kamili. Alianza saa nne na dakika tano."

"Kwa hiyo?"

"Saa sita na dakika tano mtu alifunga hii koki. Na mzee alikuwa ameanguka tangu saa nne na nusu."

"Sasa unaweza kufuta ule mstari uliopiga kwenye taarifa yako."

Inspekta alikunja mkono wa shati na kumulika tochi pembeni mwa tangi. Mdomo wa pampu ulikuwa umefunikwa sponji safi. Sponji ilikuwa imekazwa kwa kikamba cheusi cha plastiki, kimoja cha vile vya kufungia nyaya, ambavyo ukishavivuta havirudi nyuma. Mkia wake ulikuwa umekatwa laini, sawasawa na kichwa chake, bila kuacha hata ncha ya kukwaruza kidole. Alivuta droo ya vifaa vya Vipimo. Kila kitu humo kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa mshipi, fundo moja, la aina moja. Vikamba vya plastiki havikuwamo.

"Mama, funguo za mlango wa mbele ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa mzee."

"Naomba kuona wako."

Mama aliutoa mfukoni. Kwenye ufunguo kulikuwa na kibati kidogo, na kwenye kibati mwandiko ule ule uliosimama wima: 2/3.

Inspekta aliuweka ufunguo juu ya meza, kibati kikitazama juu, na kungoja. Mama alikitazama kibati kile kwa muda.

"Mume wangu anaandika kila kitu," alisema mwishowe. "Hata vijiko vina namba."

"Wa tatu anao nani?"

"Binti yetu mkubwa. Ana miaka mitatu hajakanyaga hapa." Alikikunja upya kitambaa. "Jumamosi nilirudi hapa kuchukua shuka za kupeleka hospitali. Nikaiona hiyo sponji. Yeye ndiye anayekata vikamba namna hiyo, tangu anajifunza kazi. Nikajua alikuwa hapa. Na baba yake amelazwa kichwa kimepasuka. Sasa ningefikiria nini, mwanangu? Ningefikiria nini?"

"Ukafikiria ni yeye. Ukatuelekeza kwa muuzaji."

Mama alifunika uso kwa kitambaa.

Koplo alikuwa tayari ameshika redio. Inspekta alimwashiria angoje. "Ile orodha ya vitu vya mzee, ya hospitali. Unayo?"

Koplo alifungua jalada. "Saa ya mkono moja. Ndala moja ya kushoto. Kipande cha plastiki ya buluu, kilikuwa mkononi."

"Mkononi."

"Muuguzi alisema alimbanua vidole kukitoa. Nilidhani ni takataka."

Walitoka kwa mlango wa jikoni, ambao ulijirudisha wenyewe nyuma yao kwa springi. Chini ya ngazi, ukutani, lililala dumu la buluu la lita ishirini, bado na maji ya chumvi nusu yake. Sikio lake halikuwapo. Lilikuwa limekatika pande zote mbili, na palipokatikia plastiki ilikuwa nyeupe kwa uzee na jua.

"Alitoka kuchukua maji ya kujaza tangi wakati matone yakiendelea," Inspekta alisema, akipanda ngazi pole pole na mkono umekunjwa ngumi. "Anapanda na dumu limejaa, uzito wote uko kwenye sikio. Ngazi ya tatu, sikio linakatika. Anabaki amelishika, na mwili unarudi nyuma."

"Hakusukumwa."

"Aliyesukumwa huachia alichoshika, hutafuta pa kujishikia. Yeye hakupata hata nafasi ya kujua. Tuliza redio yako. Twende kwa binti, lakini twende kwa swali jingine."

*

Binti mkubwa wa Vipimo alikuwa fundi umeme. Walimkuta kwenye jengo jipya la zahanati, juu ya ngazi ya aluminiamu, akipitisha nyaya darini. Kwenye mkanda wake wa kazi kulikuwa na fungu la vikamba vyeusi na koleo la kukatia. Alipowaona hakuuliza wamemfuata kwa nini. Alishuka, akafuta mikono, akakaa juu ya kreti.

"Nilikuwa naja kwenu," alisema. "Kila siku nasema kesho."

"Jumamosi uliingia saa ngapi?"

"Saa tano na kitu. Chumvi aliniambia Baba anapokea anemoni. Wa kwanza tangu..." Alikata maneno. "Mnajua habari ya tangi la zamani?"

"Hatujui."

"Alikuwa na anemoni wa miaka kumi na miwili. Mimi nilifunga hita mpya. Hita ikagoma kuzima. Asubuhi tukakuta maji ya moto na kila kitu kimeiva. Nilimwonyesha, Baba, ni swichi ya kiwandani, si nyaya zangu. Akaniambia mbele ya wageni kwamba mikono yangu haifai kugusa kitu chenye uhai." Alitazama viganja vyake. "Nikaondoka. Miaka mitatu. Juzi nikasema, leo atakuwa na furaha, labda atanisikiliza. Nikapiga hodi, kimya. Nikafungua kwa ufunguo wangu. Ndoo inadondoka, miwani iko juu ya daftari, mwenyewe hayupo."

"Ukafikiri nini?"

"Kwamba ametoka mara moja, kuna kitu kimepungua, kaenda kwa Chumvi. Nikakaa kumngoja. Robo saa, nusu saa. Lita tatu. Lita tatu na nusu. Ningefanyaje? Ningeacha ndoo ifurike, chumvi ipitilize? Zilipofika nne nikafunga koki, nikafanya yote kama alivyonifundisha. Mguu wake ukashika jiwe saa saba kasoro. Halafu nikaingiwa na woga. Nikasema, akinikuta nimegusa, na mnyama akifa kesho, itakuwa ni mimi tena. Nikaondoka."

"Na uliposikia ameanguka?"

"Walisema ilikuwa baada ya saa sita." Sasa alikuwa anazungumza na sakafu. "Nikajua amerudi, amemkuta anemoni ndani ya tangi, amejua nani kamgusa. Amechanganyikiwa, ametoka mbio uani, ameteleza. Ni mimi niliyemwangusha, afande. Bila kumgusa."

Koplo alimtazama mkubwa wake. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anatoboa tofali, na Inspekta alingoja mpaka aache.

"Hukumwangusha," alisema. "Baba yako alianguka saa nne na nusu. Sikio la dumu lilikatika. Hapakuwa na mtu karibu naye."

Binti aliinua kichwa. Uso wake ulianza kulegea, kisha ukasimama ghafla. Inspekta alijua anahesabu.

"Saa nne na nusu," binti alisema.

"Ndiyo."

"Mimi niliingia saa tano."

"Ndiyo."

"Alikuwa pale nyuma. Wakati wote ule mimi nakaa nahesabu matone, yeye yuko nyuma ya mlango wa jikoni." Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, "Ningefungua ule mlango?"

"Hukuwa na sababu ya kuufungua," Inspekta alisema. "Lakini maelezo yako lazima yawe na saa zilizo sahihi. Siwezi kuandika nyingine."

Binti alitikisa kichwa kukubali, akachukua kalamu, akaandika yote, saa baada ya saa, kwa mwandiko uliosimama wima.

*

Jumatano asubuhi simu ilipigwa kutoka wodini. Vipimo alikuwa amefumbua macho tangu jana jioni, anasema maneno machache, na daktari anatoa dakika kumi, si zaidi.

Ukumbini, kwenye benchi, mama na binti walikuwa wamekaa pamoja. Mama alikuwa ameshaingia mara mbili. Binti alikuwa bado amevaa mkanda wake wa kazi.

"Hataki kuingia," mama alimnong'oneza Inspekta. "Anasema mpaka aitwe."

Ndani, mzee alikuwa mdogo kuliko kitanda. Bendeji ilimfunika hadi nyusi. Inspekta alijitambulisha, akavuta kiti.

"Ni saa ngapi?" Vipimo aliuliza kwanza.

"Saa nne na dakika ishirini."

Mzee aliridhika. "Uliza."

"Ulianguka vipi?"

"Dumu. Sikio. Nilipanga kulibadilisha mwezi uliopita."

"Palikuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu."

Inspekta aliandika. Hapo kazi yake ilikuwa imekwisha, na jalada lingeweza kufungwa. Lakini lilikuwapo jambo moja alilotaka kulijua, na alikuwa na dakika saba.

"Mzee, ulizinduka hata kidogo, pale chini?"

Vipimo alifumba macho mpaka Inspekta akadhani amesinzia.

"Fahamu zilikuwa zinaenda na kurudi," alisema. "Juu ya ngazi kuna kidirisha cha sebuleni. Pampu naisikia. Na mwanga wa tangi nauona, ni wa buluu. Nikawa najiambia, ndoo itafurika. Lita tano. Lita sita. Atakufa, na mimi nitakufa." Alivuta shuka. "Halafu pampu ikazimwa."

"Ukafikiri ni nani?"

"Sikuwa na haja ya kufikiri. Mke wangu haigusi ile swichi, anaiogopa. Chumvi huanza na taa ndipo azime pampu, nimemkataza mara mia. Huyu alianza na pampu. Akangoja maji yatulie. Kisha mwanga ukapungua, nusu, si wote." Vidole vyake vilisogea juu ya shuka kama vinavyogeuza kitufe. "Mtu mmoja tu nilimfundisha hivyo."

"Hukumwita?"

"Nilijaribu. Ulimi ulikuwa mzito kama kipande cha mbao. Nikajaribu tena. Halafu nikaacha. Nikasema, basi, yuko kwenye mikono mizuri. Nikalala."

Inspekta aligeuza ukurasa. "Yeye anasema alipaswa kufungua mlango wa jikoni."

"Afungue kufanya nini?" Kwa mara ya kwanza sauti ya mzee ilipata nguvu. "Mtu hamwachi anemoni kwenye ndoo akaenda kuzurura uani. Nisingemfundisha hivyo. Liandike hilo."

Aliliandika. Akamsomea maelezo yote tangu mwanzo, pole pole. Kwenye saa nne na nusu Vipimo aliinua kidole.

"Ishirini na nane. Nilitazama saa nilipokuwa natoka stoo. Saa nne na dakika ishirini na nane."

Inspekta alisahihisha, akamshikia daftari atie sahihi. Ilichukua muda, na ilitoka imepinda. Mzee aliitazama kwa kutoridhika.

"Yuko hapo nje?" aliuliza.

"Yuko kwenye benchi. Anangoja kuitwa."

"Mwambie aje."

Inspekta alifungua mlango. Hakulazimika kutaja jina. Binti aliinuka, akafungua mkanda wa kazi, akamwachia mama yake, akapita. Mlango ulibaki wazi nyuma yake, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Koplo alikuwa anamngoja mwisho wa ukumbi na jalada kwapani. Walianza kuondoka, lakini Inspekta alipunguza mwendo. Kutoka chumbani hakukusikika salamu wala kilio. Kilisikika kiti kikivutwa karibu na kitanda. Kisha sauti kavu ya mzee.

"Kashika wapi? Ufa wa kulia au wa kushoto?"

Kiti kikasogezwa tena.

"Wa kushoto, Baba. Wa kulia unapigwa na mkondo."

"Ndipo ningempeleka mimi," mzee alisema. "Kaa. Nieleze tangu lita ya tatu."